Chai ya Ulongo

Nimerudi Ng'ambo, mtaani kwetu. Wewe uliyewahi kuishi Tabora utanielewa nikikuambia kwamba nilishuka kwenye basi na vumbi la safari bado liko usoni, sikupita sokoni, sikumtafuta mtu, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama huku mkoba nimeubana kwapani kama mwizi. Mkobani mlikuwa na chai. Najua, mtu mwenye akili zake hasafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora kumpelekea mama yake majani ya chai wakati duka la kona linayauza. Mimi nilisafiri, tena kazini sikuaga vizuri, na njia nzima sikupata hata lepe la usingizi.

Kisa kilianzia jikoni kwangu. Nina shoga yangu anayekwenda China kufuata mizigo ya vitambaa, na safari moja aliniletea kifurushi cha karatasi ngumu, akaniambia ni chai ya huko, inachomwa juu ya makaa kabla ya kufungwa. Nikashukuru, nikakisukumia kabatini nyuma ya chupa ya mafuta, nikakisahau. Siku majani yangu ya kawaida yalipoisha nikakikata kwa mkasi. Ndani hamkuwa na majani unayoyajua wewe. Vilikuwa vijigololi vyeusi vilivyojikunja, vikavu, ukitikisa vinagongana kama choroko. Nikasogeza pua. Ile ilikuwa harufu ya uani kwa bibi.

Ngoja nikueleze vizuri. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akikaanga majani ya chai kabla ya kuyapika. Ndiyo, kukaanga, kwenye kikaango cha udongo, bila mafuta, kama watu wanavyokaanga buni. Ilikuwa kazi ya alasiri, watu wakishaswali. Mimi nilipewa ungo nipepete vumbi la majani, kisha nikapewa upepeo wa ukindu nichochee mkaa, na ole wangu nikipepea kwa pupa majivu yakaruka. Bibi alikaa kwenye kigoda, kanga moja kiunoni na moja mabegani, akikoroga kwa mwiko taratibu na kusoma Kul huwallahu kwa sauti ya chini. Akirudia sura hiyo mara kadhaa anajua yameiva. Hakuhitaji saa. Akinyamaza tu, mimi nilikuwa nimeshakimbilia sinia.

Harufu yake nitakuelezaje? Mwanzoni ilikuwa ya nyasi zilizonyeshewa, kisha ya mahindi ya kuchoma, halafu mwisho, kabla tu hajaepua, ilikuja harufu tamu kidogo, ya asali iliyomwagikia jikoni. Ilitoka uani ikapita ukumbini mpaka barazani, ambako babu na mafundi wenzake walikuwa wakishona. Cherehani zilikuwa zikilia tangu asubuhi bila kupumzika. Harufu ile ikifika zinanyamaza moja baada ya nyingine, na kwa mbali kidogo unasikia garimoshi likipiga honi stesheni. Mpaka leo honi ya garimoshi hunitia kiu ya chai.

Tulikunywa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vya kutafunwa kwa taya zote. Chai yenyewe ilikuwa nyepesi, rangi ya asali ya porini, na haikutiwa maziwa kamwe. Sukari bibi alikutilia kidogo sana, na ukilalamika anakuambia ulimi wako umeharibiwa na peremende. Ukishameza, utamu ulibaki kooni kwa muda mrefu. Nilikuwa nikikimbia kucheza huku nameza mate ili niupate tena.

Ukimuuliza nani alimfundisha kukaanga chai, bibi alijibu, "Ndivyo tunavyofanya." Basi, mazungumzo yameishia hapo. Akishaanza kuimba Kinyamwezi chake cha kijijini kwao Kigwa huwezi kumtoa neno jingine.

Kwa kuwa bibi hakusema, nikajitungia mwenyewe. Shuleni mwalimu wetu wa historia alipenda sana habari za misafara. Alichora ubaoni njia kutoka pwani mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka ziwani, akatuonyesha wapagazi wa Kinyamwezi walivyobeba pembe na vitambaa. Nikanyoosha mkono, nikasema kwamba babu zake bibi walikuwa wapagazi, walirudi na chai kutoka pwani, ikanyeshewa njiani, wakaikaanga isioze, na ndiyo asili ya chai yetu. Mwalimu alisimama na chaki mkononi akasema, "Safi kabisa, kaa." Hakuna mtu aliyewahi kunisifu vile darasani. Tangu siku hiyo hadithi ile ikawa kweli, nami nimeitembeza Dar es Salaam nzima, arusini, kazini, hata kwenye foleni ya benki, huku watu wakinitazama kwa heshima.

Bibi alifariki nikiwa bado msichana. Mama hakukaanga chai hata siku moja. Tulihamia kwenye chai ya pakiti, baadaye ikaja ya vifuko vyenye uzi, na mimi nikaenda zangu Dar kutafuta maisha. Dada yangu alilelewa Nzega kwa upande wa baba, na nikimtajia chai ya kukaanga ananicheka. Babu, mafundi wake na wajomba wote wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo waliowahi kuinywa chai ile na bado wako hai ni wawili tu, mimi na mama.

Na mama anasahau. Sitaki kulizungushia maneno. Kila nikirudi nakuta kuna kitu kimepungua. Mwanzo yalikwenda majina ya majirani, kisha njia ya sokoni, na safari iliyopita aliniuliza kwa adabu kubwa kama mwenyeji wangu anajua kuwa nimefika. Ananiita mgeni. Ananikaribisha vizuri, ananiuliza nitaondoka lini, mimi nakwenda msalani kulia. Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kutulia baada ya kunusa kile kifurushi. Nilitaka jambo moja tu: mama ainywe, aniambie ndiyo, chai hiyo ilikuwepo, na wewe ulikuwepo. Akishalisahau hilo, nitakuwa sina pa kuuliza.

Binti wa dada yangu ndiye anayekaa na mama siku hizi. Ni msichana mchangamfu, ana kibanda chake cha kusuka nywele hapo mbele, na lugha yake yote ni ya Dar ingawa Dar amekwenda kwa kupita. Nilipomweleza habari za bibi, wapagazi na mvua ya njiani, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Ma'mdogo, hiyo chai."

"Ndiyo, ni chai."

"Hapana, namaanisha chai. Umetupiga chai." Kwa vijana hawa chai ni hadithi ya kubuni, wewe pia umewasikia. Halafu akachukua kifurushi, akasoma maandishi yaliyoandikwa kwa herufi zetu pembeni mwa yale ya Kichina: *Oolong*. Akalitamka polepole, macho yakamtoka, akaangua kicheko. "Ulongo! Ma'mdogo, wamekuandikia kabisa! Chai ya ulongo!"

Wazee fulani husema ulongo badala ya uongo, hivyo hapo nilikuwa nimetukanwa mara mbili kwa kifurushi kimoja. Nilimwambia akasuke nywele za watu.

Nikaingia jikoni. Shoga yangu alikuwa amenitumia maelekezo kwa sauti kwenye simu: usichemshe, mwagia maji ya moto, mimina upesi, maji ya kwanza mwaga, sukari marufuku. Mimi nani wa kuanza kutengeneza chai kwa kukimbizana nayo? Nikabandika sufuria, nikatia konzi nzima, nikatia tangawizi, nikaacha ichemke kama Mungu alivyotaka. Ikatoka nyeusi. Nikampelekea mama. Alionja, akanitazama kwa huruma, akaitemea kwenye kisahani. "Mgeni," akasema, "mwarobaini huu kampe mwenye homa."

Siku ya pili niliamua kosa ni la Wachina. Chai ya bibi ilitokana na majani ya kawaida na mkono wake, basi nami ningefanya hivyohivyo. Nilizunguka soko zima nikitafuta kikaango cha udongo, nikakipata kwa mama mmoja aliyekuwa akikitumia kuwekea maji ya kuku. Nikawasha jiko uani. Uani penyewe, palepale alipokaangia bibi, siku hizi ni ujia tu, maana sehemu kubwa vimejengwa vyumba vya kupangisha, na wapangaji walitoka kunitazama. Nikasoma Kul huwallahu. Nafikiri nilisoma kwa haraka, au nilisoma nikiwaza mengine, sijui. Majani yakashika moto, moshi ukajaa mpaka kwa mpangaji mwenye mtoto mchanga, naye hakuficha alivyokasirika.

Katika moshi ule akaingia jirani yetu wa upande wa pili wa njia, mama wa makamo ya mama yangu, akijipepea kwa ncha ya kanga.

"Hodi humu! Mnachoma nini?"

"Shikamoo, mama. Nakaanga chai."

"Marahaba. Unakaanga..." Akasimama. Akanusa tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka nikampa kigoda akae. "Mwe! Mtoto, hii harufu sijaisikia tangu bibi yako afariki. Kumbe na wewe umerithi lile kosa!"

Nikauliza kosa gani. Akajifuta machozi.

"Hujui? Mama yangu alikuwepo, alinisimulia mwenyewe. Bibi yako alipoletwa kutoka Kigwa, mwali bado, alikuwa hajawahi kuona majani ya chai. Kwao wanakunywa uji na maziwa. Hapa mjini alichowahi kuona ni kahawa, unaikaanga, unaitwanga, unaipika. Siku hiyo wamekuja wageni wa heshima, mama mkwe wake anampa majani kwenye karatasi, anamwambia mwanangu watengenezee wageni. Mtoto wa watu akaona haya kuuliza. Akabandika kikaango!"

"Akayatwanga pia?"

"Kinuni! Wanawake walikuwa wanamsikia anatwanga, hawajui anatwanga nini. Chai ilipofika wageni wakatazamana. Bibi yako anataka ardhi ipasuke aingie. Babu yako, aliyekuwa kijana siku hizo, akaimaliza yake yote mbele ya watu, akanyoosha kikombe, akasema, 'Nipe nyingine.' Basi. Kutwanga aliacha, kukaanga hakuacha. Watu wakimcheka anasema ndivyo tunavyofanya. Sisi nani? Wao wawili!"

Nilibaki na mwiko mkononi. Wapagazi wangu wote, na pembe zao, na mvua yao ya njiani, walikuwa wameondoka. Binti wa dada yangu, aliyekuwa amekuja mbio na mteja wake mwenye kichwa kilichosukwa nusu, alinitazama kwa ushindi. "Si nilisema, ma'mdogo?" Niliona aibu, kisha hasira, na nyuma ya hasira nikaona furaha kubwa ambayo sikuitarajia. Bibi yangu hakurithi kitu kutoka kwenye msafara wowote. Alikosea akiwa msichana mwenye haya katika nyumba ya watu, mume wake akaomba kikombe cha pili, na sisi wengine wote tukanywa chai ya siku ile kwa miaka yote iliyofuata. Hata mwalimu wangu angekubali kwamba hii ni historia bora kuliko yangu.

"Na wewe mama uliwahi kuinywa?" nikamuuliza jirani kwa pupa.

"Mimi? Mama yangu angenikata masikio. Harufu tu nilikuwa nainusa kutoka kwetu."

Kwa hiyo nilirudi palepale. Harufu imepata shahidi, lakini ladha bado, na mwenye ushahidi huo alikuwa ndani kwenye mkeka akikunja na kukunjua kanga ileile. Mchana ule wote nilikuwa mtu wa kusimama na kukaa. Nilifagia palipofagiwa. Nilikwenda mpaka barabarani nikarudi bila kununua kitu. Mama alikuwa na siku nzuri, macho yake yako wazi, na siku zake nzuri hazidumu. Unaweza kwenda kuchukua maji ukarudi ukakuta ameshakwenda mbali.

Alasiri nikamsikiliza shoga yangu kwenye simu tena, safari hii kama mwanafunzi. Birika dogo la kupikia chai hatukuwa nalo, nikachukua bakuli la kaure lililobaki katika vyombo vya bibi, na kisahani kuwa mfuniko. Nikatia vijigololi kidogo tu, vya kufunika kitako cha bakuli. Nikamwagia maji yaliyotoka kuchemka, nikayamwaga yale ya kwanza, roho ikiniuma. Nikamwagia tena, nikafunika, nikasoma Kul huwallahu mara moja, polepole, nikamimina kikombeni huku kisahani kimezuia majani. Rangi ikatoka ya asali. Nilionja. Ilikuwa na ukali wa makaa, na karanga, lakini ule utamu wa kooni haukuwepo. Nikamwagia mara ya tatu. Vijigololi vilikuwa vimeanza kukunjuka, na ndani ya bakuli sasa kulikuwa na majani mazima, mapana, yenye vikonyo vyake, kama yamechumwa jana. Nikanusa mvuke. Mahindi ya kuchoma, na nyuma yake asali iliyomwagikia jikoni. Sikuionja. Nilikibeba kikombe kwa mikono miwili.

Mama alikipokea. Kwanza alinusa, akaacha kukunja kanga. Akanywa kidogo, akameza, akangoja, nikaona koo lake linameza tena mate matupu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi nikikimbia kucheza. Nikapiga magoti mbele yake. Nilitaka kumuuliza na sikuthubutu.

Aliniangalia. Hakuniangalia kama anavyoangalia mgeni. Akakiweka kikombe chini, akajifunika kanga kichwani vizuri, akakunja miguu kama msichana aliyeitwa na wakubwa, akainamisha uso.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sijui kama jambo hili limewahi kukupata wewe. Kwetu hata kwa utani hupokei shikamoo ya aliyekuzaa. Tukiwa watoto tungepigwa kofi kwa kuwaza tu. Maneno yalinijaa mdomoni. Mama, ni mimi, ni mwanao, ni wewe wa kupewa shikamoo. Lakini alikuwa ameinama anasubiri, na mkubwa asipokuitikia shikamoo maana yake amekukasirikia. Ningemsahihisha, mama yake angekuwa amemfia mara ya pili, hapo hapo mkekani.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Akainua uso, akatabasamu, akachukua kikombe chake. Akanywa yote kwa utulivu ambao sijamwona nao kwa miaka. Mimi nilikaa pale na uchungu wangu, nakuambia kweli. Cherehani zimekwisha, kigoda cha bibi hakijulikani kilipo, uani kunalala wapangaji, na kosa la mwali wa Kigwa halina tena mtu wa kulirudia. Yote hayo nilikuwa nimejiandaa kuyakosa. Sikuwa nimejiandaa kuipata ladha ile na kumpoteza, katika kikombe kimoja, mtu wa mwisho duniani anayeweza kuniita mwanangu.

"Mama," akaniita.

"Ee, mwanangu."

Akachungulia bakuli, akatazama mlangoni kama anayemtafuta mtu aliyetoka sasa hivi kucheza, kisha akanong'ona kwa wasiwasi:

"Yule mwanangu mdogo umemwekea? Usimsahau, atalia. Anaipenda hii chai kuliko sisi wote."

"Nimemwekea," nikamwambia. "Kikombe chake hiki hapa."